Kuchapa Kereng'ende kwa Bamba la Shaba: Mistari na Akwatinti

Tumia bamba la shaba nyekundu lenye unene wa milimita 1. Piga tupa kingo zote ziwe mshazari, la sivyo zitakata karatasi. Lisugue kwa unga wa chaki na amonia kidogo mpaka maji yatandae bila kujikusanya; penye mafuta nta haishiki.

Pasha bamba, paka nta ya kuchorea (tabaka linalozuia dawa kula shaba) kwa roli, liache lipoe. Chora kwa sindano ukifunua shaba bila kuichimba. Chapa itatoka kinyume: bawa la kulia litakuwa kushoto. Lizamishe kwenye kloridi ya feri, dawa inayokula shaba iliyofunuliwa, uso ukitazama chini, kwani mashapo yakijaa mistarini dawa haili. Mishipa ya mabawa ni myembamba mno, kwa hiyo toa bamba baada ya kama dakika 10, izibe kwa vanishi, kisha lirudishe dawani ili mistari ya miguu na kifua iliwe zaidi.

Akwatinti, yaani kuacha dawa ile shaba kati ya punje za vumbi, ndiyo huleta kivuli, na hapa ndipo wengi huharibu. Futa nta, safisha tena, nyunyiza vumbi laini la rosini (utomvu mkavu wa msonobari) lifunike karibu nusu ya uso. Vaa barakoa, wala usiwashe moto vumbi likiwa bado linaelea: huweza kulipuka. Pasha bamba kutoka upande wa chini hadi punje nyeupe ziwe angavu, uliondoe motoni papo hapo. Zikiyeyuka kupita kiasi huungana, na dawa haipiti.

Ziba mng'ao wa jicho kwa vanishi. Sekunde 30 dawani hutoa kijivu cha bawa. Ziba bawa, endelea dakika 2 kwa tumbo, uzibe tena, kisha 8 kwa weusi. Dawa ya baridi huchelewa, hivyo jaribu kwanza kwenye kipande cha shaba.