Barabara ya changarawe: shughulikia maji kabla ya kifusi

Barabara nyingi za wilaya nchini Tanzania, ambazo tangu 2017 zinasimamiwa na TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini), huuawa na maji yaliyokosa njia kabla hazijachakazwa na magari. Fedha ya matengenezo haijawahi kutosha, kwa hiyo iende kwanza kwenye mitaro na makalavati, yaani mabomba ya kupitisha maji chini ya barabara. Kifusi kinachomwagwa kwenye barabara isiyotoa maji huondoka na masika.

Kagueni mvua ikinyesha. Mtendaji wa kijiji na fundi sanifu watembee kwa miguu, waandike kila mahali maji yanapotuama au kukatiza: "kilomita 2+300 (kilomita 2 na mita 300 kutoka mwanzo wa barabara), kushoto, kalavati limeziba nusu." Kuandika "barabara mbovu" hakumsaidii anayeandaa makadirio.

Katikati ya barabara pawe juu kuliko ukingo kwa asilimia 5 hivi, yaani sentimita 15 kwa barabara ya mita 6. Tumieni ubao na pima maji, si macho. Greda ipite udongo ukiwa bado na unyevu. Ikichonga kiangazi, changarawe haishiki, inapeperuka vumbi. Na mwendesha greda asiondoke kabla ya kusawazisha tuta analoacha ukingoni. Tuta hilo dogo huyazuia maji yasiingie mtaroni, yakakimbia juu ya barabara mpaka yachimbe korongo. Kosa hili ni la kawaida mno, na ni rahisi kulizuia.

Mtaro uwe na michepuko ya kumwaga maji porini kila mita 50 hadi 100. Wenye shamba pale waulizwe mapema, la sivyo wataiziba. Mteremko ukizidi asilimia 4, wekeni vizuizi vya mawe au vigingi ndani ya mtaro: kila mita 20 kwa asilimia 5, kila mita 6 kwa asilimia 10. Katikati ya kizuizi pawe chini kuliko pembeni. Kikiwa bapa, maji hukizunguka na kula ukingo.

Bomba la kalavati lisipungue kipenyo cha milimita 600, maana jembamba zaidi halizibuliki. Lilazwe kwa mteremko wa asilimia 2 hadi 4. Chini ya hapo hujaa mchanga. Juu yake pawe na angalau sentimita 45 za udongo ulioshindiliwa, na mdomo wa kutokea upangwe mawe.

Mashimo yafuate. Ondoeni maji na tope, chongeni kingo ziwe wima, jazeni kwa tabaka zisizozidi sentimita 10, kila moja ishindiliwe, na juu ibaki sentimita 3 zaidi. Msitumie udongo uliozolewa mtaroni.

Usafi wa mitaro wapeni vikundi vya kijamii, kila kikundi na kipande chake, kikilipwa kwa mita zilizopimwa na si kwa siku. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, hivyo mikataba isainiwe mapema ili mitaro iwe wazi kabla ya vuli ya Oktoba.