Mzinga mdogo wa mti: toboa kwanza, kereza baadaye

Kabla ya kushika msumeno, nenda na futi kamba pwani ya Mji Mkongwe, ukapime mzinga wenyewe, ule wa vita, si wa nyuki. Unahitaji vipimo viwili tu: upana wa tundu la mdomo, na urefu kutoka pete ya nyuma hadi mdomoni. Mafundi wa zamani walipima karibu kila kiungo cha mzinga kwa upana wa tundu lake, basi ukilijua tundu umejua mengi.

Tuchukue mzinga wenye tundu la sentimita 12 na urefu wa mita 2.4. Ukigawa kwa 10 unapata tundu la mm 12 na urefu wa mm 240. Unene wa nyuma ni tundu mara tatu, yaani mm 36, na shingo karibu na mdomo ni mm 24. Vile vipini viwili vya ubavuni vinavyoubeba mzinga vina unene wa mm 12, na kila kimoja kinatokeza mm 12. Vikae mm 103 kutoka pete ya nyuma (sehemu tatu kwa saba za urefu), ili nyuma iwe nzito kuliko mbele.

Mfano huu haulipui. Kinachofanya kazi ni gari lake: magurudumu yanazunguka, mdomo unapanda na kushuka. Tundu la mdomo liishie mm 60, na tundu la kuwashia liwe alama ya mm 3 tu, yasikutane kamwe. Baruti ndani ya mti huupasua mzinga usoni mwa aliyeuwasha.

Tafuta mfenesi au msaji mkavu, kipande cha mm 45 kwa 45, urefu mm 300. Mti mbichi ukifika masika utakuwa umeshapinda.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanakereza kwanza, kisha wanatafuta pa kutoboa. Kitu cha duara hakikai sawa kwenye jiriwa, keekee inateleza, na vipini vinatoka kimoja juu kimoja chini. Toboa kipande kikiwa bado cha pembe nne. Tundu la vipini lipite ubavu hadi ubavu, mm 4 chini ya mstari wa katikati. Kisha toboa mdomo, uzibe kwa kigingi kisichotiwa gundi, na ncha ya kerezo ishike katikati ya kigingi hicho. Hata keekee ikiwa imekwenda upande kidogo, mdomo utatoka katikati, kwa kuwa mti unazungukia tundu lenyewe. Ziba na tundu la vipini vilevile, la sivyo patasi itang'oa kingo zake.

Gari, la namna iliyotumika melini, ni mbao mbili za ubavu, unene mm 12, urefu mm 150, nyuma zikishuka kwa ngazi. Zibane pamoja, utoboe tundu la mm 12.5 kwa mkupuo mmoja, ndipo ukate nusu ya juu. Usizisimamishe sambamba. Mzinga ni mwembamba mbele, na gari nalo libane mbele. Penye vipini acha nafasi ya mm 1 kila upande.

Magurudumu ya mbele ni mm 40, ya nyuma mm 36, maana sitaha ya meli huinama kuelekea ubavuni na mzinga lazima ukae sawa. Usikate vipande vya duara kutoka kwenye fimbo: vitapasuka kama keki kavu kuanzia katikati. Gandisha mbao mbili za mm 6, nyuzi za mti zikipishana, ndipo ukate duara.

Kabari ya kuinulia iwe na urefu wa mm 60, ikipanda kutoka mm 5 hadi mm 20. Ukiisukuma ndani mdomo unashuka, ukiivuta unapanda. Ikiteleza yenyewe, ipige msasa namba 120 chini tu, uache upande wa juu laini.

Rangi ya mzinga wa chuma ni nyeusi isiyong'aa, na kahawia kidogo ikipanguswa kwa kitambaa kwenye pete, ambako chumvi ya bahari hukaa.