Kupima machapisho ya utafiti ya chuo kikuu kwa data huria: mwongozo wa hatua kwa hatua kwa mfano wa Muhimbili

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwenzangu wa kurugenzi ya utafiti katika chuo kimoja cha umma, ambaye uongozi ulimtaka aeleze chuo kimechapisha makala ngapi katika miaka mitano na makala hizo zimerejelewa kwa kiasi gani. Kanzidata tatu alizozifungua zilimpa idadi tatu zilizopishana sana, na watu aliowauliza walimshauri achukue iliyo kubwa. Ushauri huo haufai. Idadi hupishana kwa sababu kila kanzidata ina namna yake ya kuamua makala ipi ni ya chuo kipi, na uamuzi huo, ambao wengi wetu huiachia mashine, ndio kiini cha kazi yote ya kupima. Kwa mfano nimechagua Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, yaani MUHAS, kwa kuwa historia yake ina karibu kila aina ya ugumu utakaokutana nao katika vyuo vyetu.

Hatua ya 1: Andika swali

Kabla ya kufungua kanzidata yoyote, andika katika karatasi moja miaka unayoipima, aina za machapisho utakazozihesabu, na mtu atakayeitumia idadi hiyo pamoja na uamuzi atakaoufanya kwayo. Ripoti ya kuonyesha ukuaji wa chuo ndani ya miaka 20 haihitaji kanuni zilezile zinazohitajika na ripoti ya kugawa fedha za utafiti baina ya idara.

Hatua ya 2: Chagua chanzo

Mimi huanza na OpenAlex, kanzidata huria ya machapisho ya utafiti duniani. Ilifunguliwa Januari 2022 na shirika la OurResearch ili kujaza pengo la Microsoft Academic Graph, kanzidata ya kampuni ya Microsoft iliyofungwa mwishoni mwa 2021, na data zake zimetolewa kwa leseni ya CC0, inayoruhusu yeyote kuzitumia bila masharti, kwa hiyo yeyote anayetilia shaka hesabu zako anaweza kuzirudia mwenyewe bila kulipia chochote. Sifa hiyo ninaithamini kuliko zote. Scopus na Web of Science, kanzidata za kibiashara, zina data zilizopangwa kwa uangalifu zaidi katika baadhi ya mambo, lakini zinalipiwa, na majarida mengi ya Afrika hayamo humo. Chuo Kikuu cha Sorbonne cha Ufaransa kilitangaza mwaka 2023 kwamba kinaachana na Web of Science, na CWTS, kituo cha kuchunguza sayansi cha Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kilitoa mwaka 2024 toleo huria la orodha yake ya vyuo vikuu lililojengwa juu ya OpenAlex. Asikutishe mtu kwamba data huria ni za wasio na uwezo.

Google Scholar isitumike kwa kazi hii. Inamfaa sana msomaji anayetafuta makala, lakini haina namna ya kuaminika ya kuchuja kwa taasisi, hairuhusu kupakua data kwa wingi, na inachanganya makala na vitini, ripoti na nakala zilizojirudia.

Hatua ya 3: Amua ni anwani zipi zilizo za chuo chako

Hii ndiyo hatua inayokula muda kuliko nyingine zote, na ninakuomba usiipite kwa haraka hata kama tarehe ya kukabidhi ripoti imekaribia.

Anza na kitambulisho cha ROR. Sajili hii ya taasisi za utafiti ilianza mwaka 2019, na kila taasisi iliyomo ina anwani moja ya kudumu inayoanza na ror.org. Tafuta chuo chako, soma majina mbadala yaliyoorodheshwa, kisha angalia kwa makini taasisi zilizotajwa kuwa mama, watoto au jamaa zake. Katika OpenAlex unaweza kuchuja kwa kichujio cha `authorships.institutions.id`, kinachokuletea makala zilizounganishwa na taasisi hiyo peke yake, au kwa `authorships.institutions.lineage`, kinachojumuisha pia taasisi zilizo chini yake. Kwa chuo chenye vyuo vishiriki tofauti ni kubwa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kule Iringa na Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Zanzibar, na mtafiti wa bahari aliyeandika jina la taasisi yake na Zanzibar peke yake anaweza kuachwa nje ya hesabu ya chuo kinachomlipa mshahara. Jaribu vichujio vyote viwili na usome makala zinazoonekana katika kimoja bila kuonekana katika kingine.

Baada ya hapo liangalie jina katika historia. MUHAS ilianza mwaka 1963 kama shule ya uganga ya Dar es Salaam, ikawa kitivo cha tiba mwaka 1968, na mwaka 1976 kitivo hicho kikaunganishwa na hospitali kuwa Muhimbili Medical Centre. Mwaka 1991 kikapandishwa hadhi kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa jina la Muhimbili University College of Health Sciences. Mwaka 2000 chuo na Hospitali ya Taifa ya Muhimbili vikatenganishwa kuwa taasisi mbili, na mwaka 2007 chuo kikawa chuo kikuu kamili. Sasa chukua makala ya mwaka 1998 yenye anwani ya chuo kishiriki. Je, ni ya MUHAS au ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam? Mashine haiwezi kukujibu kwa usahihi, kwa sababu hili ni suala la kanuni. Kanuni ninayoipendelea ni kuipa taasisi iliyopo leo machapisho ya taasisi zilizoizaa moja kwa moja, na kueleza hivyo wazi katika ripoti. Sokoine, iliyotokana na kitivo cha kilimo cha Morogoro mwaka 1984, na Ardhi, iliyopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2007, zinahitaji uamuzi wa namna hiyohiyo. Jambo lisilokubalika ni vyuo viwili kujihesabia makala moja kwa historia moja, kisha takwimu hizo zikajumlishwa katika ripoti ya taifa.

Kuna pia majirani. Neno Muhimbili limo katika jina la chuo, la hospitali ya taifa na la taasisi ya mifupa, na madaktari wengi hufundisha chuoni huku wakitibu hospitalini. Mwandishi mmoja anaweza kuandika chuo katika makala hii na hospitali katika ile, na hilo ni haki yake. Kanuni salama ni kufuata anwani iliyoandikwa katika makala, wala si unachokijua kuhusu ajira ya mtu. Ukianza kuhesabu kwa kufuata orodha ya watumishi, utakihesabia chuo makala ambazo watumishi hao waliziandika wakiwa masomoni Bergen au Stockholm, na mwenzako wa chuo kingine atakuwa na haki ya kulalamika.

Ili kupata makala zilizopotea, tafuta maandishi ghafi ya anwani. OpenAlex huhifadhi anwani kama ilivyochapishwa, na kichujio cha `raw_affiliation_strings.search:muhimbili` kitakuletea kila makala yenye neno hilo, hata ambazo mashine haikuziunganisha na taasisi yoyote. Pakua kundi hili kando, liondoe kundi ulilopata kwa kitambulisho, kisha soma yaliyobaki moja baada ya nyingine. Utakutana na vifupisho, tahajia zilizokosewa, na anwani zilizotaja idara na jiji bila kutaja chuo. Hapa sanduku la posta ni msaada mkubwa ambao wageni wa mazingira yetu hawaufikirii: MUHAS hutumia S.L.P. 65001 na hospitali hutumia S.L.P. 65000, kwa hiyo anwani iliyoandikwa Muhimbili tupu mara nyingi hutambulika kwa tarakimu ya mwisho. Itumie kama dalili tu, hasa kwa makala za zamani, enzi chuo na hospitali vilipokuwa kitu kimoja. Vyuo vingine vina masanduku mengi, kila idara na lake, hivyo uliza kwanza.

Makosa ya upande wa pili nayo yapo: makala zilizounganishwa na chuo chako zisizo zake. Chagua makala 100 kwa bahati nasibu kutoka katika orodha yako, fungua kila moja katika tovuti ya jarida na usome anwani. Kisha fanya kinyume: omba idara mbili au tatu orodha ya makala zao na uangalie ni ngapi zimo katika data zako. Jaribio la kwanza linakuonyesha uchafu ulioingia, la pili linakuonyesha kilichoachwa. Asilimia hizi mbili ziandike katika ripoti karibu na idadi yenyewe, kwa sababu msomaji akikosa kuziona hawezi kujua idadi hiyo ina uzito gani.

Hatua ya 4: Pakua data

Tumia kifurushi cha openalexR ukiwa mtu wa lugha ya programu ya R, au pyalex ukiwa mtu wa Python. Jihadhari na jambo moja: katika matokeo ya orodha, waandishi wanaweza kukatwa baada ya 100 wa kwanza, na makala ya namna hiyo huwa na alama ya `is_authors_truncated`. Zipakue makala hizo moja moja ili upate waandishi wote, la sivyo hesabu ya mgawo utakayoifanya katika hatua ya 6 itakuwa na kosa.

Hatua ya 5: Safisha

Safisha kwa OpenRefine, ambayo ni programu huria na huhifadhi kila badiliko ulilolifanya, kwa hiyo unaweza kurudi nyuma au kumpa mwenzako hatua zote azirudie. Excel ninaipinga kwa hatua hii, kwa kuwa kurasa za 3-12 inaweza kuzigeuza kuwa tarehe na kazi yako ikaharibika bila wewe kujua.

Vitambulisho vya DOI, yaani vitambulisho vya kudumu vya makala, vyote vifanye herufi ndogo kabla ya kutafuta vilivyojirudia, kwa sababu DOI haitofautishi herufi kubwa na ndogo lakini kompyuta yako hutofautisha. Unganisha makala tangulizi (iliyowekwa mtandaoni kabla ya kupitiwa na jarida) na makala yake iliyochapishwa katika jarida, kwani huwa na DOI mbili zilizo halali. Tahariri, barua na masahihisho yaweke katika kundi lao. Makala zilizobatilishwa ziondoe kwa kutumia data za Retraction Watch, orodha ya makala zilizobatilishwa, ambazo Crossref, shirika linalosajili DOI, ilizinunua mwaka 2023 na kuziweka wazi kwa wote.

Hatua ya 6: Hesabu kwa njia mbili

Hesabu kamili hukipa chuo 1 kwa kila makala yenye angalau mwandishi wake mmoja. Hesabu ya mgawo hugawa makala kwa waandishi: makala yenye waandishi 10, wawili wakiwa wa MUHAS, hukipa chuo 0.2, na mmoja wa hao wawili akiwa ameandika pia anwani ya Bergen, sehemu yake hugawanywa tena na chuo kinapata 0.15.

Ninasisitiza njia zote mbili zitolewe, kwa sababu utafiti wa afya Afrika Mashariki hufanywa kwa ushirikiano mkubwa. Makala za mradi wa kimataifa wa kupima mzigo wa magonjwa huwa na mamia ya waandishi, na katika fizikia kuna makala ya mwaka 2015 kuhusu uzito wa chembe ya Higgs yenye waandishi 5,154. Kwa hesabu kamili, makala kama hiyo ina thamani sawa na ile iliyobuniwa, kufanywa na kuandikwa yote Dar es Salaam. Kwa hesabu ya mgawo peke yake, ushirikiano wenye manufaa huonekana kama hasara. Ongeza kipimo cha tatu kilicho chepesi: idadi ya makala ambazo mwandishi wa kwanza, wa mwisho au wa mawasiliano ni wa chuo chako. Katika sayansi za afya, kipimo hicho huonyesha ni nani aliyeongoza utafiti, nalo ni swali ambalo vyuo vyetu vinapaswa kujiuliza kuliko vinavyofanya sasa.

Hatua ya 7: Marejeo

Usilinganishe idadi ghafi ya kurejelewa baina ya fani. Makala ya malaria na makala ya isimu hazina desturi moja ya kurejelea, na makala ya 2019 imekuwa na muda mrefu wa kusomwa kuliko ya 2023. Toa badala yake sehemu ya makala zako zilizomo katika asilimia 10 ya makala zilizorejelewa zaidi duniani katika fani, mwaka na aina ileile. Idara yenye makala chache isipewe kipimo hiki, maana makala moja iliyofanikiwa inaweza kukipindua chote. Kipimo cha h (idadi h ya makala zilizorejelewa angalau mara h kila moja), alichokipendekeza mwanafizikia Hirsch mwaka 2005 kwa ajili ya mtafiti mmoja mmoja, kwa taasisi hupima zaidi ukubwa na umri wake. Na kiwango cha athari cha jarida (wastani wa kurejelewa kwa makala zake) kisitumike kuihukumu makala, jambo lililokataliwa waziwazi na Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti tangu 2013.

Hatua ya 8: Jaza kisichoonekana

Tafuta majarida ya nyumbani katika AJOL, maktaba ya majarida ya Afrika yenye makao yake Afrika Kusini, inayofanya kazi tangu 1998. Majarida mengi humo yana makala zisizo na DOI au zenye anwani zisizokamilika, na huenda hukuzipata katika hatua ya tatu. Kwa chuo chenye wanazuoni wa lugha, jambo hili ni la lazima. Jarida la *Kiswahili* la Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Dar es Salaam limebeba sehemu muhimu ya utafiti wa lugha yetu, na ripoti iliyotegemea kanzidata za kimataifa peke yake inaweza kumwonyesha profesa aliyelijenga somo kana kwamba hajaandika kitu. Ziingize makala hizi kwa mkono, katika safu yenye alama inayoonyesha chanzo chake.

Hatua ya 9: Hifadhi na urudishe kwa idara

Hifadhi maswali uliyoyatuma, tarehe uliyopakua, faili ghafi, na faili fupi ya maandishi inayoeleza kila uamuzi wa hatua ya tatu pamoja na sababu yake. OpenAlex hubadilika kila wakati, kwa hiyo swali lilelile likitumwa mwezi ujao litaleta idadi tofauti kidogo, nawe utatakiwa kueleza. Kisha itumie kila idara orodha ya makala zake, wala si jumla tu, na uwape wiki mbili za kusahihisha kabla uongozi haujaiona ripoti. Marekebisho ya anwani watakayoyaleta yapeleke pia OpenAlex na ROR kupitia fomu zao za masahihisho.