Tope la tangi, mavi ya punda na asumini zangu

Mume wangu alipoona ndoo sita za tope la tangi la choo zimemwagwa ua wa nyuma, alihamia kwa dadake siku tatu. Simlaumu. Lakini hapa Langoni, mjini Lamu, gari la kunyonya majitaka haliingii kichochoroni. Tangi likijaa huzolewa kwa ndoo, na ndoo hizo lazima ziende mahali. Zangu huishia shinani mwa asumini, baada ya minyoo kuligeuza tope kuwa mbolea.

Usiwatupie minyoo tope bichi. Lina amonia, nayo huwaua usiku mmoja. Tena mayai ya mchango, ile minyoo ya tumboni mwa watu, yaliyomo hayafi upesi, na minyoo peke yao usiwategemee kuyamaliza. Yanamalizwa na joto.

Tandika kokoto, juu yake mchanga, kisha tope unene wa shubiri, na uezeke makuti mvua isiingie. Likikatika kwa jembe bila kunata, limekauka. Vaa glavu na buti, kuku na watoto wakae mbali. Nguo zangu za kazi hii nimezitenga, hazisogei karibu na msala wa kuswalia.

Changanya karai moja la tope kavu na makarai mawili ya mavi ya punda na majani makavu, nyunyiza maji, rundika mpaka kimo cha mita moja. Punda Lamu si haba, ila muulize mwenyewe kama karibuni kampa dawa ya minyoo: dawa hutoka na mavi, na haichagui minyoo wa nani. Joto la ndani lishike digrii 55 au zaidi kwa siku 15, huku ukiligeuza lundo mara 5. Nunua kipimajoto, mkono hudanganya. Kisha liache lipoe kabisa.

Minyoo wenyewe ni wale wekundu wa mbolea. Kilo yangu ya kwanza ilikuja kwa basi hadi Mokowe, nikaipakata kwenye boti, abiria mmoja akiniuliza nyama bei gani. Niliwatandikia makumbi laini niliyopewa na mzee anayeyafukia pwani kwa ajili ya kusokota kamba. Asubuhi walikuwa wamepanda kuta za sanduku, wengine wamekauka sakafuni kama tambi. Chumvi! Mnyoo hupumulia ngozi, na makumbi yale yalikuwa yamelala kwenye maji ya bahari miezi. Tangu hapo natandika maboksi yaliyochanwachanwa, na maji ni ya mvua. Kisima chetu kiangazi huwa cha chumvi. Maji nisiyoweza kuyapikia chai, siwanyunyizii.

Sanduku langu ni la mbao, lina matundu chini, liko kivulini na gunia bichi juu, kwa sababu joto likifika 35 wanakufa. Miguu yake imesimama ndani ya makopo ya maji; siafu walinifunza hilo. Kabla ya kuwamwaga wote, weka kumi katika kopo lenye mchanganyiko wako. Wakilala humo salama, endelea. Lisha unene wa vidole vitatu tu, na usiongeze mpaka ulichoweka kigeuke chenga nyeusi kama majani ya chai yaliyokwisha kupikwa. Ukifinya konzi moja, litoke tone moja au mawili.

Mbolea yangu haigusi mchicha wala nyanya, hata baada ya joto lile. Naitia kwenye asumini, ndimu na mnazi, konzi mbili mbili shinani. Na tope la tangi linalopokea maji ya gereji usilichukue hata kwa bure, maana risasi na metali nyingine minyoo hawazimalizi, hubaki mboleani.

Mpaka kuvuna huchukua kama miezi mitatu. Weka chakula kipya upande mmoja, ngoja wiki mbili wahamie, ndipo uzoe upande wa pili. Ukichunga utaona vidonge vya manjano mfano wa vindimu vidogo mno. Humo mna mayai yao, virudishe sandukuni.