Nyumba ya kupangisha: uisimamie mwenyewe au umpe mtu? Namna ya kuamua na namna ya kujipanga

Wengi wakiuliza hili swali wanaanzia kwenye hela, yani msimamizi anachukua asilimia ngapi, halafu wanabaki hapohapo. Mi naona uanzie kwenye kazi yenyewe. Chukua karatasi uandike kila kitu ambacho nyumba yako imekudai mwaka uliopita: kutafuta mpangaji, kumwandikisha mkataba, kukumbushia kodi, koki iliyovuja, shimo la choo lililojaa, pampu iliyoungua, ugomvi wa LUKU (umeme wa kulipia kabla), yule kijana wa mziki usiku, kwenda serikali ya mtaa, kodi ya TRA, yani mamlaka ya mapato. Ukishaandika ndo utaona kuna kazi za miguu, kuna kazi za hela na kuna kazi za maamuzi, na hizi tatu siyo lazima zifanywe na mtu mmoja.

Naongelea Dar kwa sababu ndo huku ninakokujua, tena nyumba za kawaida za Tabata, Kimara, Mbagala, Goba, Kigamboni, mtu ana kiwanja kimoja na wapangaji kama sita hivi. Mwenye maghorofa Masaki ana mambo yake mengine na wanasheria wake.

Kwanza piga hesabu

Tuseme una chumba na sebule sita, kila moja laki mbili kwa mwezi. Hiyo ni milioni 1 na laki 2 kwa mwezi, milioni 14 na laki 4 kwa mwaka kama zote zimejaa. Wasimamizi wengi wanataka kati ya asilimia 5 na 10, chukua 10, inakuwa milioni 1 na elfu 440 kwa mwaka. Hiyo ni sawa na chumba kimoja kukaa tupu miezi saba na kidogo. Sasa jiulize kwa ukweli, bila msimamizi huwa unapoteza kiasi hicho? Kama vyumba vyako vinakaa tupu miezi miwili mitatu kwa vile we uko Dodoma kikazi na hakuna wa kuonyesha, au kuna mpangaji ana madeni ya tangu mwaka juzi, basi msimamizi anajilipa. Kama unakaa Segerea nyumba iko Tabata na wapangaji wako ni walewale tangu zamani, unamlipa mtu milioni na nusu akapige simu ambazo ungepiga mwenyewe ukiwa kwenye daladala.

Na huku kwetu kuna kitu watu hawakitilii maanani. Mpangaji analipa kwa mkupuo, miezi mitatu, sita, wengine mwaka. Maana yake kwa mpangaji wa miezi sita, kukusanya kodi ni kazi ya mara mbili tu kwa mwaka! Nairobi kodi inalipwa kila mwezi, ndo maana kule kuna ajenti anayekula asilimia yake kila mwezi na keateka, yani mwangalizi wa nyumba, anayeishi palepale kwenye ploti, inaeleweka. Sisi kumpa mtu asilimia 10 ya hela ambayo inakuja mara mbili kwa mwaka tena inaingia kwenye simu yenyewe, ni bei kubwa kwa kazi ndogo. Kazi ya kila wiki kwetu ni maji, vyoo, umeme na ugomvi. Kwa hiyo kama unamlipa mtu, mlipe kwa hiyo.

Dalali siyo msimamizi

Hili naomba likae kichwani. Dalali anakula kodi ya mwezi mmoja kutoka kwa mpangaji kila chumba kinapopata mtu, na juu yake ile hela ya kuzungushwa kuonyeshwa vyumba. Maana yake dalali anapata mpangaji anapohama, wewe unapata mpangaji anapotulia. Ukimfanya dalali ndo msimamizi wako umempa sababu ya kutoshughulikia bomba la mtu mpaka mtu achoke ahame, sisemi wote wako hivyo, nasema mpango wenyewe unamvuta huko. Mtumie kutafuta mtu, mpe picha nzuri na bei halisi, basi, aishie getini. Mkataba unasaini wewe na mpangaji, hela inakuja kwako.

Ndugu

Tuseme ukweli, msimamizi mkubwa wa nyumba nchi hii ni ndugu. Mdogo wako anakaa chumba kimoja bure na anakusanya za wengine, au shemeji, au mama mdogo kwa vile ana heshima zake mtaani. Inaweza kwenda vizuri sana ila shida ni kwamba hakuna mshahara, na asiyelipwa huwezi kumdai, we ukiuliza mbona laki tatu haionekani unaambiwa mtoto aliumwa, na kweli aliumwa, sasa utasemaje? Kwenye kikao cha familia utaonekana we ndo mbaya.

Kama unampa ndugu, mlipe. Hata kama anakaa bure andika kabisa: chumba chako thamani yake laki mbili, hayo ndo malipo yako, kazi zako ni hizi, kodi haipitii kwako. Mwambie mapema kwa upole, "dada, nakuheshimu, ndo maana sitaki hela zipite mikononi mwako tukaja kulaumiana". Wengi wataelewa, na wengine watanuna wiki mbili halafu wataelewa.

Sheria yangu moja tu: anayeshika funguo asishike hela

Hapa ndo kiini cha yote. Uwe unasimamia mwenyewe, uwe na ndugu, uwe na kampuni, hela ya kodi iingie moja kwa moja kwenye akaunti yako ya benki au lipa namba yako, kwa jina lako, na mkataba uandike hivyo, kwamba malipo yoyote kwa mtu mwingine hayahesabiki. Mpangaji akilipa anakutumia skrinshoti, we unamtumia risiti hata ya Watsapu. Mwenye funguo kazi yake ni miguu: kuonyesha chumba, kuita fundi, kusoma submita (mita ndogo ya kila chumba), kusikiliza ugomvi. Unamlipa kwa mwezi kiasi mlichokubaliana, siyo asilimia.

Kwa nyumba nyingi za hapa huu mpango wa nusu kwa nusu unashinda pande zote mbili. Unatafuta mtu wa palepale mtaani, mara nyingi ni mpangaji wako wa siku nyingi, mstaarabu, unampunguzia kodi yake, naye anakuwa macho yako. Msimamizi kamili anayeshika hela, huyo yuko nje ya sheria yangu, mwachie mtu ambaye kweli hana namna, mfano yuko Muscat au Houston, au ana nyumba tano sehemu tano.

Ukisimamia mwenyewe, fanya hivi

Kabla mtu hajaingia, kopi ya kitambulisho cha NIDA, namba ya mdhamini, na umpeleke akaandikishwe serikali ya mtaa, usione ni usumbufu, siku yakitokea ya kutokea mwenyekiti atakuuliza we nani huyu. Pigeni video ya chumba kizima mkiwa wote wawili: kuta, sinki, vitasa, vioo, feni, na namba ya mita. Dipoziti kwa vyumba vya kawaida bado haijazoeleka sana lakini kwenye apatimenti ipo, kama unachukua basi andika inarudi lini na inakatwa kwa kitu gani.

Mkataba uwe na stempu. Ushuru wa stempu kwenye pango ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka, kwa chumba cha laki mbili ni elfu 24, na watu wanauruka, kisha siku ya kesi mkataba haupokelewi kama ushahidi mpaka ukalipie na faini juu.

LUKU, kila mpangaji mita yake kama unaweza. Mita moja watu sita ni vita ya kila wiki, mwenye friji na mwenye balbu moja hawawezi kuchanga sawa. Ukishindwa weka submita na mtu mmoja asome tarehe ileile kila mwezi, apige picha. Na kumbuka kodi ya jengo, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida ikapanda 1,500, ghorofa wanahesabu kila sakafu. Anayenunua umeme ni mpangaji lakini hiyo kodi ni yako wewe, kwa mwaka ni 18,000, mkatie kwenye kodi yake ya chumba, ni hela ndogo ila inamfanya mtu akuamini kuliko maneno mengi. Kama kiwanja kimoja kina mita sita na zote zinakatwa hiyo kodi, nenda ukaripoti.

TRA nao wapo. Kodi ya zuio ya pango ni asilimia 10, na mpangaji akiwa kampuni au ofisi atakukata kabla hajakulipa, usigombane nae, mdai cheti cha zuio. Wewe binafsi uwe na TIN (namba ya mlipakodi) na daftari. Daftari lenyewe halina mambo mengi: jina, chumba, amelipa lini, inaisha lini, matengenezo gani yamefanyika na kwa bei gani. Eksel ikikushinda tumia kaunta buku.

Kumbushia kodi mwezi mmoja kabla haijaisha, kwa meseji siyo kwa kukutana kwenye ngazi. Muulize moja kwa moja anaendelea au anahama. Akisema hana za miezi sita ana za mitatu, na ni mtu mzuri, chukua za mitatu, chumba tupu hakilipi kitu.

Akigoma kulipa na kuhama pia hataki, usiende kung'oa mlango, usiezue bati, usikate maji. Najua hasira ikoje, na mtaani utapigiwa makofi, ila kesi inageuka inakuwa yako. Mpe notisi ya maandishi, weka kopi yenye saini yake au ya shahidi, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Baraza la Kata ambalo siku hizi ni la usuluhishi tu, haliamui, likishindwa ndo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Inachukua muda, ndiyo. Ndo maana kuchagua mpangaji ni kazi ya kufanya mwenyewe hata kama kila kingine umempa mtu.

Ukimpa msimamizi, mkataba wenu useme haya

Asilimia ni ya kodi iliyokusanywa, siyo ya kodi inayotarajiwa, neno moja tu hilo lakini likikosewa unamlipa kwa vyumba vitupu. Matengenezo ya chini ya kiasi fulani, sema elfu 80, afanye bila kuuliza, juu ya hapo apige simu kwanza na alete bei za mafundi wawili. Picha kabla na baada, na risiti. Muulize wazi kama anaongeza chake juu ya bei ya fundi, maana wengine asilimia wanaitoza ndogo halafu hela yao iko kwenye rangi na koki. Taarifa kila mwezi kabla ya tarehe 5, hata kama hakuna kilichotokea aandike hakuna kilichotokea. Kila mkataba wa mpangaji uwe kwa jina lako na kopi uwe nayo. Hakuna kupangisha juu ya kupangisha, yani achukue chumba kwako kwa bei ya mwezi akakipangishe kwa siku kwa bei ya juu, hii ipo sana kwenye apatimenti za fanicha.

Kwa walioko nje, hati ya kumpa mtu mamlaka ya kisheria iandikwe na wakili na itaje kabisa kwamba ni ya kupangisha na kusimamia tu, siyo kuuza, siyo kuweka rehani, na iwe na tarehe ya mwisho. Hati miliki halisi usimwachie, hata kama ni mtoto wa baba yako mkubwa, weka benki au baki nayo wewe. Na mara moja moja tuma mtu asiyejuana na msimamizi aende kama anatafuta chumba, aulize bei. Utashangaa bei anazotajiwa.

Siku ukitaka kumtoa, usianze na yeye. Anza kwa kuwaandikia wapangaji wote siku moja, meseji na karatasi mlangoni, kwamba kuanzia tarehe fulani mawasiliano ni namba hii na malipo ni akaunti hii, na kila mtu akutumie kopi ya mkataba wake na risiti ya mwisho. Ndo utakapojua nani amelipa mpaka lini, na kama kuna chumba ulikuwa unaambiwa kiko tupu kumbe kina mtu na familia. Baada ya hapo kaa na msimamizi mfunge hesabu kwa maandishi, akurudishie funguo zote, na vitasa vya geti na stoo badilisha hata kama mmeachana vizuri.