Jinsi ya kuijua miruko ya kwenye barafu, ukiwa na simu tu

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, na barafu niliyowahi kuikanyaga ni sakitu ya Kitulo. Mashindano ya wanawake ya kuteleza kwenye barafu nayafuatilia kwenye simu kazi ikipungua, na mpwa wangu yupo wa kubishana naye. Ukitaka kujua nani karuka nini bila kumsubiri mtangazaji, fanya hivi.

Achana na gauni. Najua ni vigumu, hata mimi macho hukimbilia shanga na mshono wa mgongoni. Tazama miguu, kwa sababu jina la mruko hutokana na namna ya kuondoka. Anayeondoka akitazama mbele, hiyo ni Axel. Miruko mingine mitano yote huanza kinyumenyume. Kwenye tolupu, flipu na Lutz, mguu wa pili huchoma barafu kwa meno ya nchani mwa chuma cha kiatu. Kwenye Salchow na lupu hakuna kuchoma.

Kinachosumbua watu ni flipu na Lutz. Punguza kasi ya video hadi robo, isimamishe meno yanapokaribia kugusa barafu. Wengi huzunguka kwa kushoto, kwa hiyo kagua kifundo cha mguu wa kushoto. Kikilalia upande wa kidole gumba, flipu. Kikilalia upande wa kidole kidogo, Lutz, na ugumu wake uko hapo: mwili unateleza ukipinda upande mmoja, kisha unalazimishwa kuzunguka upande mwingine. Wapo wanaoanza vizuri halafu kifundo kinahamia ndani mwishoni kabisa. Waamuzi hukata alama kwa hilo.

Axel ijaribu sebuleni. Simama ukitazama mlango, ruka, tua ukiupa mgongo: tayari nusu mzunguko. Kwa kuwa wote hutua kinyumenyume, Axel inayoitwa ya mizunguko mitatu ni mitatu na nusu.

Sasa kutua. Simamisha video chuma kinapogusa barafu. Ikiwa imebaki zaidi ya robo ya mzunguko, thamani inapungua; ikibaki nusu, mruko unahesabiwa kama wa mzunguko mmoja pungufu. Mpwa wangu hupiga kelele "minne!" mtu akiwa bado hewani. Subira, mama.

Ubishi wetu mkubwa ni wa hesabu. Kwa jedwali la alama za miruko la msimu wa 2024/25, Lutz ya mizunguko minne ina thamani ya 11.5, ya mitatu 5.9. Ukizungusha minne yote ukaanguka, inaondoka nusu ya thamani na pointi moja ya kuanguka; unabaki na 4.75. Afadhali mitatu iliyotua safi, ndivyo nisemavyo. Yeye hunijibu kwa Mrusi Alexandra Trusova, aliyeruka miruko mitano ya mizunguko minne kwenye Olimpiki ya Beijing 2022. Nami namkumbusha kwamba Trusova alipata medali ya fedha. Dhahabu aliichukua Anna Shcherbakova, ambaye siku hiyo aliruka miwili tu ya aina hiyo.

Bando likibana, anza na Midori Ito, Paris 1989, mwanamke wa kwanza kutua Axel ya mitatu kwenye mashindano ya dunia. Anaondoka akitazama mbele, huwezi kuikosa. Lutz na flipu ziache hadi jicho lizoee.