Kumtafuta babu Mjerumani kwa jina la ukoo: fuata sauti kwanza, herufi baadaye

Mwongozo huu ni wa ndugu zangu mliooa au kuolewa Marekani kwenye familia zenye asili ya Ujerumani, na wa watoto wetu wanaopewa kazi ya kuchora mti wa ukoo shuleni. Nimeuandika baada ya kumsaidia wifi yangu hapa Wisconsin, ambako ukoo wao unajiita Yahnke.

Kabla ya yote, wazee watakwambia jina lilibadilishwa na karani wa Ellis Island, kituo cha kupokea wahamiaji kule New York. Achana na hadithi hiyo. Kituo kilifunguliwa mwaka 1892, na Wajerumani wengi wa Wisconsin walikuwa wameshafika zamani. Tena makarani wa pale hawakuwapa watu majina. Walihakiki orodha iliyokuja na meli kutoka Ulaya. Jina lilibadilika baadaye, kidogo kidogo: kwa mwalimu, kwa mwajiri, kwa karani wa sensa. Wengine walilibadilisha wenyewe mwaka 1917 na 1918, Marekani ilipokuwa vitani na Ujerumani na jina la Kijerumani likawa mzigo.

Hatua ya 1: Waulize walio hai. Piga picha Biblia ya familia, vyeti na mawe ya makaburi. Hili mnalijua.

Hatua ya 2: Andika sura zote za jina. Hapa ndipo watu hukwama, kwa hiyo nisomeni taratibu.

Kwanza angalia kama jina lilitafsiriwa au lilifuata sauti tu. Zimmermann aliweza kuwa Carpenter, Schwarz akawa Black, Koch akawa Cook. Hao walitafsiriwa. Huber aliyegeuka Hoover na Eisenhauer aliyegeuka Eisenhower walifuata sauti, na marais wawili wa Marekani wametoka kwenye koo hizo. Kama jina ni Miller au Smith, pole sana: peke yake halitakufikisha popote. Ruka hatua hii, nenda ya tatu.

La sauti lina raha yake, na sisi Waswahili tuna faida maana tumezoea kuandika tunavyosikia. J ya Kijerumani husomwa kama y ya "yai", kwa hiyo Yahnke ni Jahnke. Kutoka hapo tanua: Janke, Jahncke, Jaenke, Yanke, Yonke. Kuna maeneo ambako b na p, d na t, g na k zinabadilishana mdomoni, ndiyo maana Beck anaweza kuwa Peck kwenye karatasi. V husomwa f, kwa hiyo Vogt tafuta pia chini ya F. Ü huandikwa ue, au hugeuka i: Krüger ni Krueger, na ni Krieger pia.

Halafu kuna mwandiko. Vitabu vya zamani vimeandikwa kwa Kurrent, mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zamani, ambamo n, e na u zinafanana kama mapacha (u hubebeshwa kijikofia juu), na I kubwa na J kubwa ni herufi moja. Waliotengeneza faharasa walisoma walivyoweza. Babu yetu mmoja tulimkuta chini ya "Fahnke". Dawa ni alama ya nyota: kwenye FamilySearch, tovuti ya kutafuta koo, andika *ahnke au J*n*ke (nyota inasimama badala ya herufi zozote), kisha punguza majibu kwa mwaka wa kuzaliwa na jina la mke. Usiandike jina kamili ukitegemea mashine ikukisie.

Mambo mawili zaidi. Kwenye vitabu vya kale mwanamke huongezewa -in, kwa hiyo Müllerin ni wa ukoo wa Müller. Na wavulana wa nyumba moja wote waweza kuitwa Johann. Jina aliloitwa mtu mara nyingi ni lile la pili, basi Johann Peter mtafute kama Peter.

Mwisho wa jina hukupa fununu ya mkoa: -ke mara nyingi kaskazini-mashariki, -le Swabia (kusini-magharibi), -sen kaskazini karibu na Denmark. Ni fununu tu, usije ukaifanya ushahidi.

Hatua ya 3: Pata kijiji. Bila kijiji jina halina kazi, maana kumbukumbu za Ujerumani zilitunzwa kwa parokia. Sensa ya 1900 itakupa mwaka wa kuingia Marekani, lakini kwenye mahali pa kuzaliwa utaona "Germany" tu. Hati za uraia za kabla ya 1906 nazo ni bahili hivyo hivyo. Mimi naziamini zaidi kumbukumbu za kanisa la Kilutheri alikozikwa babu: mchungaji alimjua mtu na kwao. Kijiji cha kwetu tulikitoa kwenye kitabu cha mazishi. Ukikipata, kiweke kwenye meyersgaz.org, orodha ya miji na vijiji vya Ujerumani ya zamani, uone wilaya yake, kwa kuwa majina kama Neustadt yako mengi mno.

Hatua ya 4: Meli. Orodha za abiria wa bandari ya Hamburg za kuanzia 1850 zipo, na thamani yake ni kwamba ziliandikwa na makarani Wajerumani, yaani jina liko kama lilivyokuwa nyumbani. Za Bremen nyingi ziliharibiwa. Kama alipandia huko, usipoteze usiku wako.

Hatua ya 5: Vitabu vya kanisa. Wakatoliki waanzie tovuti ya Matricula, ambayo ni bure. Walutheri waende tovuti ya Archion, ambayo ni ya kulipia. Kuanzia Oktoba 1874 Prussia, dola kubwa kuliko zote ndani ya Ujerumani ya wakati huo, ilikuwa na usajili wa serikali, hivyo kwa waliobaki nyuma tafuta vyeti vya huko. Kama kwao ni Pomerania ya mashariki, leo ni Poland, basi fungua tovuti ya nyaraka za serikali ya Poland ukitumia jina la kijiji la Kipolandi. Archion lipia mwezi mmoja tu, na ulipe ukiwa na jina la parokia mkononi.